Ukiuziwa Tiba ya Seli Shina Nairobi: Maswali ya Kuuliza Kabla Hujatuma Pesa

Kazi yangu ni ya maabara. Napima damu na tishu katika hospitali moja hapa Nairobi, na kwa kuwa majirani zangu wa Donholm wanalijua hilo, Jumapili mlango wangu haukosi mgeni mwenye bahasha. Zamani walileta majibu ya malaria na taifodi niwasomee. Siku hizi wananionyesha mabango ya WhatsApp: seli shina za magoti, seli shina za kisukari, za kiharusi, za nguvu za kiume, za mtoto aliyechelewa kuongea. Jirani mmoja aliniletea pakiti ya unga iliyoandikwa maneno hayohayo, akataka kujua kama anywe kabla ya chai au baada.

Siandiki haya kumkatisha mtu tamaa. Tiba ya seli ipo na inaponya, na wengine walioponywa nayo sampuli zao zimepita mikononi mwangu. Ninachotaka ni mtu ajue kuhoji. Maswali yenyewe ni machache, hayahitaji digrii, na yote yanatokana na jambo moja: seli ni fundi aliyejifunza kazi moja. Ya ngozi hutengeneza ngozi, ya uboho hutengeneza damu, ya puani hutengeneza kamasi. Basi anayekuuzia seli akuambie ni seli gani, imetoka kwenye tishu gani ya mwili wa nani, itawekwa wapi, na ikishafika hapo itafanya kazi gani. Akibabaika kwenye mojawapo, funga simu.

Ataje jina la seli

Ukijibiwa "seli shina" tu, hujajibiwa. Seli shina ni zile ambazo bado zina uwezo wa kujigawa na kuzaa seli nyingine, na katika mwili wa mtu mzima ziko za namna nyingi, kila moja na makao yake. Uboho ulio ndani ya mifupa una zile zinazozaa damu. Ngozi ina zake, nyingine zikiwa zimejificha kwenye mashina ya nywele. Ukingo wa jicho, pale weusi unapokutana na weupe, una zake zinazotunza konea, kile kioo cha mbele cha jicho.

Sasa turudi kwa unga wa jirani. Seli hai haikai kwenye unga wa kukorogea maji moto. Na hata ingekuwa hai, ukishaimeza inaingia tumboni, na tumbo halitofautishi seli ya shilingi elfu tano na kipande cha nyama choma; vyote ni protini, vyote vinasagwa. Nyingine zinauzwa kuwa zimetoka kwenye tufaha au zabibu. Seli ya mmea haiwezi kuwa goti la mtu, hata ukiinywa miaka mia. Za kondo la kondoo hali kadhalika. Jirani alikuwa ameshalipa, kwa hiyo nilimwambia asinywe, na arudi kwa aliyemuuzia kudai pesa zake akiwa na watu wa chama chao, kwa sababu huko ndiko alikouziwa.

Halafu kuna kliniki zinazotoa damu yako, zinaizungusha kwenye mashine, zinachukua maji ya juu yenye chembe sahani nyingi, zile chembe ndogo zinazogandisha damu, na kukudunga gotini au kwenye upara. Huduma hiyo ni halali na ina watu wake. Lakini chembe sahani hazina hata kiini, haziwezi kujigawa. Anayeiita tiba ya seli shina ili apandishe bei ameanza na uongo, na mimi mtu aliyeanza na uongo simwachii sindano.

Jina utakalolisikia zaidi ni seli za mesenkima. Hutolewa kwenye mafuta ya tumbo, kwenye uboho au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Hizi ni seli za kweli. Zina uwezo wa kuzaa mfupa, gegedu na mafuta, na zinajulikana kwa kutuliza kinga ya mwili. Tatizo ni kwamba bango la kawaida huzipangia magonjwa mpaka karatasi inajaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kwanza ya seli hizi Desemba 2024, tena kwa ugonjwa mmoja tu: watoto waliopandikizwa uboho, seli za mtoaji zikaugeukia mwili wao na kuushambulia, na dawa za steroidi zikashindwa kuzituliza. Kisukari hakimo. Kiharusi hakimo. Tawahudi haimo.

Zimetoka mwilini mwa nani

Hapa majibu ni matatu: mwilini mwako, kwa ndugu yako, au kwa mtu usiyemjua. Kila jibu lina gharama yake, kwa sababu mwili huijua seli ngeni na huiwinda.

Tiba ya seli iliyo karibu nasi zaidi hufanyika kila wiki katika wodi za majeraha ya moto, Kenyatta ikiwemo, na hakuna anayeitangaza. Daktari huchukua utepe mwembamba wa ngozi ya paja la mgonjwa na kuubandika palipoungua. Paja lenyewe hufunga ngozi mpya kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa sababu seli shina zilizobaki kwenye mashina ya nywele hupanda juu na kulifunika. Kila mtungi wa gesi unapolipuka au jiko la mafuta ya taa linapoanguka mtaani, hutokea mama anayesema, "Chukueni ngozi yangu mumpe." Ngozi ya mama inaweza kuwa kifuniko cha muda tu, baada ya wiki chache mwili wa mtoto huikataa. Ni pacha wa kufanana peke yake ambaye ngozi yake hukubalika moja kwa moja. Mama huyo mpelekeni akatoe damu, kwa maana mgonjwa wa moto anaihitaji anaporudi chumba cha upasuaji mara kwa mara.

Na ikiwa mwili wote umeungua, paja la kukatia liko wapi? Mwaka 1975 Howard Green na James Rheinwald huko Marekani walionyesha namna ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu katika maabara. Mwaka 1983 ndugu wawili wadogo walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao waliokolewa kwa karatasi za ngozi zilizooteshwa kutokana na vipande vidogo vilivyobaki. Mwaka 2015 madaktari wa Bochum, Ujerumani, pamoja na wataalamu wa Italia, walimvisha mtoto wa miaka saba, mkimbizi kutoka Syria ambaye ugonjwa wa kurithi ulikuwa umembambua ngozi, takriban asilimia 80 ya ngozi mpya iliyooteshwa kutokana na yake mwenyewe baada ya kurekebisha jeni yenye kasoro. Kisa hicho nakisimulia kwa sababu ya jambo la kibiashara: kuotesha seli huchukua wiki, ndani ya chumba safi kuliko chumba cha upasuaji. Kliniki ikikunyonya mafuta asubuhi na mchana ikakurudishia "mamilioni ya seli zilizooteshwa", haijaotesha chochote.

Konea ni habari nyingine. Haina mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa kinga hawaifikii kwa urahisi, na kwa kawaida konea ya marehemu usiyemjua inaweza kukufaa bila kulinganisha tishu. Ilifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1905, mikononi mwa Eduard Zirm katika mji wa Olomouc. Hapa Nairobi hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho ina benki ya macho. Konea huchukuliwa saa chache tu baada ya kifo, wakati ambao familia bado inapiga simu ushago, kwa hiyo anayetaka kutoa macho yake awaambie watu wake mapema wakiwa wamekaa vizuri, si kwa fumbo. Na kinachopandikizwa ili mtu aone si jicho lote, ni kile kioo cha mbele. Atakayekuahidi jicho zima jipya, mkimbie.

Zitaingia wapi, na njia nani kazionyesha

Seli za uboho huingia mwilini kwa dripu. Hakuna kupasua mfupa wa mgonjwa: ni mfuko mwekundu unaofanana na wa damu ya kawaida, unaning'inizwa, unaisha, na seli zinasafiri zenyewe mpaka ndani ya mifupa na kutulia. Ni jambo la ajabu ambalo bado linanishangaza, na walaghai wameliiba. Wanatundika dripu ya seli za aina nyingine wakikuambia zitatafuta zenyewe penye ugonjwa. Hazitafuti. Seli za mesenkima zikiingizwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa mapafuni, maana huko ndiko damu hiyo hupita kwanza.

Na zikipelekwa kwa nguvu mahali pasipo pake je? Kuna kisa kilichoandikwa na madaktari mwaka 2014. Msichana wa Kimarekani aliyepooza alipandikizwa tishu ya puani mwake kwenye uti wa mgongo huko Lisbon. Miaka minane baadaye alianza kuumwa mgongo. Walipofungua walikuta uvimbe uliojaa kitu kizito kama kamasi. Seli za pua ziliendelea na kazi ya pua. Kingine kilichapishwa mwaka 2017: wanawake watatu wenye matatizo ya macho ya uzee walilipa dola 5,000 kila mmoja katika kliniki ya Florida, wakadungwa seli za mafuta yao wenyewe machoni, macho yote mawili siku moja. Wote watatu waliharibikiwa na uwezo wa kuona. Daktari wa macho mwenye akili hajaribu tiba isiyothibitishwa kwenye macho mawili siku moja.

Kwa hiyo "ni seli zako mwenyewe, haziwezi kukudhuru" si hoja. Zilikuwa zao.

Karatasi za kudai

Jina la daktari na la kituo litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo iko wazi mtandaoni. Usikubali picha ya cheti kilichotundikwa ukutani. Angalia pia utaalamu aliosajiliwa nao: tiba ya uboho ni ya daktari bingwa wa damu, ngozi ni ya mpasuaji wa ngozi na maungo, goti ni la mtaalamu wa mifupa. Mtu mmoja anayetibu goti, ubongo na ugumba katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu ana maswali ya kujibu.

Akisema huu ni utafiti, vizuri, utafiti una njia zake. Majaribio ya tiba kwa binadamu nchini Kenya lazima yawe na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu na cha kamati ya maadili ya utafiti. Omba nambari za vibali vyote viwili, kisha piga simu ofisi husika uulize. Unaweza pia kuyatafuta kwenye rejista ya majaribio ya Afrika, PACTR, iliyoko Cape Town, ila ujue kuandikishwa hapo si sawa na kuidhinishwa. Na utafiti wa kweli haukutozi pesa kwa dawa inayojaribiwa. Mara nyingi hukurudishia hata nauli. Ukiombwa laki nne ili uwe wa majaribio, wewe ni mteja.

Fomu ya idhini uisome nyumbani. Una haki ya kuipata kwa lugha unayoielewa, kuuliza, na kukaa nayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi kabla ya tishu kutolewa kwa mtu aliye hai, na kutoza pesa kwa kiungo cha mtu ni kosa la jinai. Ofa ya "leo tu" kwenye jambo la namna hii inatosha kumfukuzia mtu.

Umaarufu nao usikutishe. Mwaka 2011, mpasuaji Paolo Macchiarini, katika taasisi kubwa ya Karolinska nchini Sweden, alimwekea mwanafunzi kutoka Eritrea koo la hewa la plastiki lililopakwa seli za uboho wake mwenyewe. Dunia ilishangilia. Mgonjwa alifariki mapema 2014, na wengine waliofanyiwa hivyo pia walifariki. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Swali ambalo wengi hawakumuuliza mapema lilikuwa dogo: ulijaribu kwa mnyama kwanza?

Ikiwa ni uboho kwa mtoto mwenye selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa damu, na damu huzaliwa na uboho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kupandikiza uboho ndiyo tiba ya seli ambayo familia za Nairobi zinaihitaji kweli, hasa zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, na ndiyo ambayo watu huianza kichwa chini miguu juu. Huanza na harambee. Bango linachapishwa, namba ya paybill inafunguliwa, kamati inaundwa, na hakuna aliyejua kama mtoaji yupo. Anza na daktari wa damu, kisha kipimo, ndipo mchango.

Daktari kwanza, kwa sababu si kila mwenye selimundu anayepaswa kupandikizwa. Wengi huishi vizuri kwa vidonge vya haidroksiyurea, chanjo na ufuatiliaji mzuri. Wanaofikiriwa kupandikizwa ni kama waliowahi kupata kiharusi, au wanaolazwa mara kwa mara kwa maumivu na matatizo ya kifua. Umri mdogo husaidia, kabla viungo havijachoka. Kwa watoto waliopata uboho wa ndugu anayelingana nao kikamilifu, walio hai baada ya miaka kadhaa ni zaidi ya 90 kwa kila 100. Ni takwimu nzuri sana, lakini watoto wale wengine nao wana majina, na daktari asiyewataja usimwamini.

Kipimo chenyewe kinaangalia alama za HLA zilizo juu ya seli, zile ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua seli ngeni. Kila mtoto hupokea seti moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni 1 kwa 4. Baba au mama kwa kawaida hulingana nusu. Mgonjwa mwenye ndugu watatu ana nafasi kama 58 kwa 100 ya kupata angalau mmoja. Mwenye ndugu watano, kama 76. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti, au mama mmoja baba tofauti, ni nadra mno kulingana kikamilifu, kwa hiyo msipoteze pesa kumpima kila binamu aliyekuja na moyo mwema. Sampuli ni damu kidogo au kijiti cha kusugua ndani ya shavu. Dai majibu ya kina yenye alama kumi, si yale mafupi.

Mambo ambayo watu huniuliza pale kaunta:

Kundi la damu si lazima lifanane. Mtu wa O akipata uboho wa ndugu wa A, damu yake hugeuka polepole kuwa A. Akirudi nyumbani atembee na barua ya hospitali inayoeleza hivyo, maana siku atakapohitaji kuongezewa damu, fundi wa zamu usiku atakuta faili la zamani linasema O na mirija inasema A, na kila mtu atadhani sampuli zimebadilishwa.

Ndugu mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaweza kutoa. Mwenye SS, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili na ndiye mgonjwa, hawezi.

Ndugu wa damu wasimpe mgonjwa damu yao moja kwa moja wakati mnapotafuta mtoaji. Mwili wake unaweza kujifunza kuzichukia alama za familia, na uboho ukija baadaye ukakataliwa. Kujaza benki ya damu kwa ajili ya wagonjwa wengine hakuna shida, jazeni.

Jambo linalohitaji upole zaidi ni hili: alama za HLA hazitunzi siri. Kipimo kikifanyiwa familia nzima kinaweza kuonyesha kwamba mtoto si wa baba aliyekaa pale benchi. Kabla ya kutoa damu, muulizeni daktari ni majibu gani yatasomwa na yatasomwa mbele ya nani. Kwa maoni yangu atosheke kusema "analingana" au "halingani", kila mtu kivyake. Mama mwenye wasiwasi aombe kuonana na daktari peke yake mapema. Daktari mzuri hatashangaa.

Mtoaji naye ana safari yake. Njia ziko mbili. Ya kwanza, analazwa kwa nusukaputi na uboho unavutwa kwa sindano kutoka nyuma ya mfupa wa nyonga, kiasi kinachopimwa kulingana na uzito wake. Ataumwa kiuno siku kadhaa, na mwili hurudisha ulichotoa ndani ya wiki chache. Ya pili, anachomwa sindano za kuamsha uboho siku nne au tano, mifupa inauma kama mtu mwenye homa, kisha anakaa kwenye mashine saa nne hadi sita ikichuja seli kutoka kwenye damu na kumrudishia zilizobaki. Kwa selimundu madaktari wengi hupendelea ya kwanza. Hakuna mfupa unaokatwa, hakuna mguu unaofupika, na uboho hauhusiani na uti wa mgongo, ingawa hofu hiyo ndiyo nasikia zaidi kutoka kwa akina shangazi.

Mtoaji awe na daktari wake tofauti na wa mgonjwa, ili awepo mtu wa kumwangalia yeye peke yake. Ana ruhusa ya kukataa, na akitaka kukataa akatae mapema. Kabla ya kupokea seli, mgonjwa hupewa tibakemikali inayoufuta uboho wake wote; mtoaji akighairi siku hiyo, mgonjwa amebaki bila uboho wowote. Kama mtoaji ni mtoto, aelezwe kwa lugha yake na aulizwe, hata kama mzazi ndiye anayetia sahihi.

Tibakemikali hiyo inaweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Kijana aliyebaleghe anaweza kuhifadhi mbegu zake kabla, na msichana anaweza kuhifadhi mayai au tishu ya ovari. Familia nyingi huona haya kuliuliza, halafu linaulizwa miaka kumi baadaye wakati haliwezi tena kurekebishwa.

Wengi huenda India. Daktari wako wa hapa aandike rufaa na akubali kwa maandishi kumpokea mgonjwa akirudi. Bei iandikwe ikionyesha inachofunika: je, seli zisiposhika? Je, akiingia chumba cha wagonjwa mahututi? Damu atakayoongezewa ni lazima iwe imepigwa miale, hiyo nayo imehesabiwa? Mpange kukaa karibu na hospitali siku kama 100 baada ya kupandikizwa, na chumba chenye jiko, maana chakula cha kununua si salama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msisahau.

Kuhusu tiba mpya ya kuhariri jeni: ni ya kweli. Casgevy ilikubaliwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, inatumia seli za mgonjwa mwenyewe, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Anayekupa ya laki sita hapa mjini anauza kitu kingine.

Na kwa mwenye virusi vya ukimwi aliyesikia habari za mgonjwa wa Berlin, aliyepona virusi hivyo baada ya kupandikizwa uboho: Timothy Ray Brown alipandikizwa 2007 na 2008 kwa sababu alikuwa na saratani ya damu, na mtoaji wake alikuwa na badiliko la jeni lililo nadra sana kwetu Afrika. Endelea na ARV zako.

Mjamzito anayeuziwa kuhifadhi damu ya kitovu

Mawakala huwafuata akina mama kliniki na fomu za kulipia kila mwaka. Damu ya kitovu ina seli za uboho kweli. Ilitumika mara ya kwanza Paris mwaka 1988, mtoto akipewa ya dada yake. Ila kama mtoto ana ugonjwa wa kurithi, damu ya kitovu chake mwenyewe ina kasoro ileile, haimsaidii. Kama nyumbani tayari kuna mtoto mwenye SS na wewe ni mjamzito, hapo kweli zungumza na daktari wa damu kabla ya kujifungua, kwa maana kitovu hicho huenda kikamfaa kaka au dada yake. Wengine wote, mwambieni mkunga asifunge kitovu kabla ya dakika moja kupita, kama WHO inavyoshauri. Damu hiyo imwendee mwenyewe, bure.

Akisharudi nyumbani

Aliyepandikizwa anarudi na kinga ya mtoto mchanga. Chanjo zote za utotoni hupotea na huanzwa upya kwa ratiba ya daktari, kwa hiyo kile kitabu cha kliniki kitafutwe. Dawa za kutuliza kinga hazikatizwi hata siku moja kwa sababu ya mfungo, safari au foleni ya duka la dawa. Nunua kabla hazijaisha. Upele mpya, kuhara kusikokoma au macho ya manjano ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwemo, kwa sababu huenda seli za mtoaji zimeanza kumshambulia. Kachumbari ya kibandani, maziwa yasiyochemshwa na matunda yaliyokatwa barabarani asile mpaka aruhusiwe. Kuku wa kufugwa wahamishiwe kwa jirani. Sherehe ya shukrani kanisani ingoje, na wageni wenye mafua wasalimie kwa simu.